Shimizi la Xaveria

Mwaka 1983 ungeweza kuzunguka maduka yote ya Babati usipate hata mita moja ya kitambaa cheupe. Philomena, fundi cherehani wa Bagara, alizunguka siku mbili. Binti yake Xaveria alikuwa anaolewa Jumamosi, na gauni waliloazima kwa ndugu wa Bonga lilikuwa jepesi mno. Akisimama mlangoni, miguu yote ilionekana.

Jumatano mwalimu Konstantini, mzee mstaafu, alileta suruali itiwe kiraka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Xaveria. Mbona umenuna?"

Philomena aliona haya kutaja nguo ya ndani mbele ya mzee. Akainamia cherehani. "Nimekosa kitambaa cha shimizi la bibi harusi."

Mzee hakucheka. "Neno hilo limetoka mbali. Sisi tumelipata kwa Waingereza, nao walilipata kwa Wafaransa. Padre aliyetufundisha Kifaransa seminari aliita hivyo shati lake. Hili hili la vifungo, la mwanamume."

"Shati?"

"Shati tu."

Mzee alipoondoka, Philomena alibaki ameishika suruali bila kuishona. Sandukuni mlikuwa na shati jeupe la marehemu mumewe Damasi, la kwendea misa. Miaka miwili alikuwa akilianika na kulikunja tena. Neno limepita midomo ya watu wangapi, akawaza, mpaka likahama mwili wa mwanamume likaja kuvaliwa na mwanamke, na bado linatumika. Shati lenyewe alikuwa analitunza kwa ajili ya nani?

Xaveria alipouona mkasi alishtuka. "Mama, hilo la baba!"

"La baba, ndiyo. Na wewe ni wa nani?"

Akakata. Mikono ya shati ikaongeza urefu, ukosi ukatoa mikanda ya mabegani. Alipoufumua mfuko wa kifuani, chini yake ulitokea mraba mweupe pee, kama siku shati liliponunuliwa. Kwingine kote kitambaa kilishaingia umanjano. Philomena akataka kuupeleka kwenye pindo.

"Uache hapo hapo kifuani," alisema Xaveria. "Nani ataona?"

Jumamosi wanawake walilisifia gauni. Philomena aliitikia tu, akalia kidogo wakati wa kiapo, kisha akacheza mpaka viatu vikamvuka.

Wiki iliyofuata alimwita shemeji yake Teodori, akampa koti la Damasi na kofia yake, vilivyobaki sandukuni, avivae.