Huyu ni wa Timu Gani?

Kuna neno moja ukilitamka pale soko la Nkubu hata leo, watu wa rika langu wataanza kucheka huku wakiniangalia, na neno lenyewe ni "tiga", yaani "acha", neno ambalo mama alikuwa ananiambia kila siku nikigusa sufuria ya uji, na mjinga aliyelifanya liwe maarufu ni mimi hapa, tena sikulifanyia nyumbani, nililifanyia Moshi, Tanzania, nchi ya wenyewe, mbele ya umati unaotafuna mkate wa bure. Chekeni tu. Nimeshazoea.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, nikiwa kijana mwenye miguu ya kazi. Mimi ni mtu wa Kiambere, kule chini karibu na bwawa, jua na mbuzi, nikapanda mpaka Nkubu kutafuta kazi, nikaipata kwa tajiri mmoja wa kuoka mikate ambaye kila mtu alimwita Bwana Mikate. Nkubu ni baridi, ni ndizi, ni ukungu asubuhi, na watu wanaongea Kimeru, na Kimeru changu kilikuwa cha kusikia tu, maana nikijaribu kukiongea wanacheka mpaka wanashika meza. Waliniita "yule wa Embu". Sasa mimi si Muembu, mimi ni Mumbeere, jirani yao wa lugha karibu moja, lakini utamweleza nani, na akielewa itakusaidia nini?

Kitu kimoja tu ndicho kilinifanya nionekane mtu pale, na hicho ni mpira. Bwana Mikate alikuwa na timu, jezi nyekundu zenye picha ya mkate kifuani (ndiyo, mkate, mzima, haujakatwa), na mimi nilikuwa beki wa kati. Kapteni wetu alikuwa kipa, jina lake Mutembei, jamaa mrefu wa maneno machache. Ligi yetu ya mkoa ilipofika mwisho, ikabaki mechi moja, sisi na Manyatta, wale wa karibu na Embu mjini, na sisi tukitoka sare tu tumepanda daraja. Siku moja baada ya mazoezi Mutembei akanishika bega akaniambia, "Ireri, sikiza. Tukipanda daraja, hakuna mtu hapa Nkubu atakuuliza tena wewe ni wa wapi."

Wueh! Mimi nililala na hayo maneno. Nikaamka nayo. Nilikanda unga wiki nzima nikiyarudia kama mtu wa kukariri katekisimu, maana nilikuwa nimechoka kuulizwa, jamani, nilikuwa nimechoka.

Sasa mechi ilikuwa ichezwe nyumbani, uwanja wetu wa Nkubu. Lakini Bwana Mikate alikuwa amefungua bekari nyingine Moshi na anataka Watanzania wajue mkate wake, akaona heri mechi ichezwe huko, watu wapewe mkate, waone jezi zenye mkate, biashara ianze. Wakubwa wa ligi wakakubali (msiniulize walikubali vipi, mimi nilikuwa beki). Watu wa Nkubu walikasirika! Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi mbivu pale uwanjani, na ndiye alikuwa anashangilia kushinda wanaume wote, alikuja mpaka mlangoni kwa bekari akauliza, "Kwani timu ni mkate, mnaweza beba muuze popote? Sasa mimi nitashangilia nani? Hewa?" Bwana Mikate akampa mkate. Akaurudisha.

Basi likakodiwa moja tu, la timu zote mbili, Nkubu mbele, Manyatta nyuma, na Mutembei akatoa amri kabla hatujatoka: hakuna kuongea na Manyatta mpaka mechi iishe. Sikuona shida. Kwani mimi nilikuwa naongea na nani?

Tulifika Moshi tukiwa vumbi tupu, tukapelekwa kwa nyumba ya wageni yenye vyumba vya watu wawili wawili, na kwa sababu sisi hatukuwa idadi ya kugawanyika, nikapewa changu peke yangu. "Wewe ni mkubwa leo," wakanitania, nami nikacheka nao, lakini nikifunga mlango nilisikia wakipiga stori kwa Kimeru upande huu na upande ule, na mimi katikati naangalia ukuta. Nje kulikuwa na mlima mkubwa wenye theluji, mzuri sana, lakini ukizoea Mlima Kenya, ule mwingine unakaa kama mtu amehamisha vitu nyumbani kwako usiku. Nikaenda mkahawani kutafuta chai nijichangamshe. Nikasema, "Nipe chai." Yule mama akanitazama kwa upole, akaniambia, "Kaka yangu, huku tunaomba." Watu wa meza zote wakageuka. Mimi! Mtu aliyepita mtihani wa Kiswahili! Nikaomba chai, nikainywa ikiniunguza, na kuanzia hapo nikafunga mdomo. Kimeru wananicheka, Kiswahili nimeonyeshwa adabu, nikabaki na kichwa cha kutikisa tu.

Asubuhi ya mechi nikatoka na mswaki wangu. Kulikuwa na mabomba mawili ya maji pale uani, moja upande wa vyumba vyetu na lingine upande wa Manyatta, na mkasa wangu wote, ukiutafuta chanzo, uko kati ya hayo mabomba. Nilikuwa naenda kwa letu, nawaapia. Halafu nikasikia mtu huko upande wa pili anayatukana maji kwa ubaridi wake, kwa lugha ya kwetu kabisa, matusi yale ya mamangu mzazi mbuzi wakiingia shambani, na miguu ikanipeleka yenyewe. Nikajiambia, ni kupiga mswaki tu, kwani bomba lina timu?

Alikuwa ni Njiru, mshambuliaji wao. Nikamsalimia, akasikia Kimbeere changu, akatema povu la dawa ya meno akacheka. "Wewe ni wa wapi?" Nikamwambia Kiambere. "Kiambere! Mama yangu amezaliwa huko! Basi wewe ni mwana wa iya!" Mwana wa iya, yaani mtoto wa mama yangu, ndugu. Hakuna mtu alikuwa ameniita hivyo tangu nitoke nyumbani. Nikainamia bomba nikanawa uso mara mbili. Akanivuta kwao, wakanipa chai, nikaongea, jamani niliongea! Niliongea habari za mbuzi, za ukame, za bwawa, nikacheka kwa sauti yangu ya kweli ambayo nilikuwa nimeisahau, na nilipoinua kichwa nikaona Mutembei amesimama kwenye letu, bomba linamwaga maji bure, ananiangalia.  Akafunga bomba akaingia ndani.

Nikaapa nitacheza ile mechi mpaka aone aibu kwa kuniangalia vile.

Na nilicheza! Hiyo mtaniandikia hata kwenye kaburi. Watu walijaa uwanja, lakini wengi walikuja kwa mkate, kila mmoja na wake mkononi, hawatujui, hawana wa kumshangilia, wametulia wanatafuna. Kulikuwa na mtangazaji mwenye kipaza sauti, kijana wa maneno matamu, naye kwa kuwa majina yetu yalimshinda alituita Wekundu na wale Bluu. Tulifunga, wakarudisha, ikawa moja kwa moja. Mimi nazuia kwa kichwa, kwa kifua, kwa goti, Njiru kila akija namtoa. Uwanja wa kwetu hungesikia hata jina lako kwa kelele za yule mama wa ndizi, lakini pale Moshi kulikuwa kimya hivi kwamba nilisikia mpaka viatu vya refa vikikanyaga nyasi.

Zikabaki dakika chache. Tuko sare, tumepanda, mimi nimekuwa mtu wa Nkubu. Manyatta wakapiga mpira mrefu, ukaja unadunda taratibu, wangu kabisa, mpira wa kupiga nje hata macho yamefungwa. Nyuma yangu namsikia Mutembei, "Toa! Toa nje!" Nikainua mguu. Ndipo sauti ikaita karibu na sikio langu, kwa lugha ya nyumbani, sauti ya mtu anayemwambia mwenzake kitu cha kweli: "Mwana wa iya, tiga!"

Nikaacha.

Mnanisikia? Nikashusha mguu, nikasogea kando kwa heshima kama mtu anayempisha mgeni mlangoni, mpira ukapita, Njiru akaupokea, akapiga, goli. Na ingekuwa imeishia hapo ningesema nimeteleza, beki anateleza, si dunia imeisha. Lakini Njiru alirudi anakimbia mikono juu, mimi ndiye mtu wa kwanza njiani kwake, akanirukia, akanikumbatia, akapiga kelele "mwana wa iya!" sikioni mwangu, na mimi (hapa ndipo huwa nataka ardhi ipasuke) nikamkumbatia pia. Kwa mikono miwili. Nikampigapiga mgongoni. Nilikuwa nafurahi! Kwa muda mfupi sana nilikuwa na furaha kuliko siku zote nilizokaa Nkubu.

Kipaza sauti kikanirudisha. "Jamani, jamani, tazameni! Mwekundu naye anashangilia! Huyu ni wa timu gani?" Uwanja mzima ukaacha kutafuna. Halafu ukacheka, mikate inaruka vinywani, na yule kijana kwa kuona utamu akarudia, "Nauliza tena, ndugu zetu Wakenya, huyu ni wa timu gani?" Nikageuka nimtafute Mutembei. Alikuwa ameketi ndani ya goli lake, mgongo kwa mlingoti, na hakuwa ananiangalia. Hiyo ndiyo iliniuma.

Mechi ikaisha, Manyatta wakapanda, sisi tukabaki na picha za mkate. Bwana Mikate hata hakukasirika, alikuwa ameuza. Wenzangu wakakusanya viatu vyao. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenitukana, ningefurahi mtu anitukane. Nilisikia tu mmoja akisema kwa Kimeru, na hicho Kimeru nilikielewa vizuri sana, kwamba mtu hawezi kukataa damu yake.

Kesho yake safari ya kurudi, mbele ya basi kila kiti kimewekwa mfuko, kila mfuko una mwenyewe. Nikaenda kukaa pale katikati, kwenye kiti kilichowekwa kreti tupu za mikate, mbele yangu Nkubu kimya, nyuma yangu Manyatta wanaimba. Nikapanga maneno yangu njia nzima. Nikasema, sawa, Nkubu imenikataa, nitashuka Embu na watu wangu. Si wameniita? Si Njiru ameniita mbele ya nchi nzima ya Tanzania? Kazi ya mkate itapata mwingine.

Jioni tukafika Embu, Manyatta wakaanza kushuka na mifuko yao. Nikachukua mkoba wangu nikamfuata Njiru mpaka mlangoni, nikamshika mkono, nikamwambia kwa lugha yetu, nikijaribu kucheka, "Lakini ndugu, umeniharibia. Umeniitia tiga, nami nikatiga."

Njiru akanitazama kama hajaelewa. Halafu akaelewa, na macho yakamtoka. "Ngai! Ulidhani ni wewe?" akasema. "Nilikuwa namwambia Nyaga! Nyaga wetu alikuwa nyuma yako anataka kuugusa, angekuwa ofsaidi! Sisi wote tunaitana hivyo!" Akaita wenzake, "Skieni, huyu alidhani ni yeye!" Na wakacheka, si kwa ubaya, walicheka vile mimi mwenyewe ningecheka, wakanipungia mikono, "Kwaheri, mtu wa Nkubu," wakaenda zao wakiimba.

Nikabaki kwenye ngazi ya basi na mkoba. Dereva akaniuliza kama nashuka ama napanda, anataka kufunga mlango. Nikapanda. Ningefanya nini? Ningeingia Embu kwa nani? Nikapita kati ya viti nikarudi kwa kreti zangu, na sasa nyuma yangu hakuna mtu, viti vitupu mpaka kioo cha nyuma. Nilitaka kumwambia Mutembei kwamba sikuuza mechi, lakini ukweli wenyewe ulikuwa mbaya kuliko uongo. Mtu anayeuza mechi angalau kuna mtu amemtaka. Mimi niliitika jina la mwingine.

Tulipokuwa karibu kufika, Mutembei akageuka kwenye kiti chake. Nilidhani sasa ndiyo ananitukana, nikajiandaa, hata nikafurahi. Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, bila hasira hata kidogo.

"Ireri?" akasema. "Kwani hukushuka? Si kwenu ni kule?"

Nilikaa Nkubu miaka mingine mingi baada ya hapo, nikaoa huko, nikajifunza Kimeru mpaka naota nacho, lakini Manyatta walikuwa wameisambaza stori mpaka ikafika Nkubu, na kila mara watoto wakipiga mpira barabarani wakiniona walikuwa wanaita "tiga!" na kukimbia. Mpira sikuugusa tena, na Moshi siendi hata nikilipiwa. Na nimeapa kitu kimoja: siitiki. Nikipita soko la Embu siku ya soko, mtu akiita "mwana wa iya!" nyuma yangu, mimi naendelea tu kutembea na mambo yangu, sigeuki. Huwa nageuka nikishafika mbali kidogo, niangalie ni nani alikuwa anaitwa, na kila mara namwona amesimama hapo, ni mtu mwingine, na ameshaitika.