Aliikataa roshani, sasa analitamani jua lake

Saa nne na robo asubuhi, jua linaingia kwenye uwanja wa kuegesha magari wa jengo moja la ghorofa huko Makina, Kibera. Bi Mabrouka Abdelkarim, mwenye umri wa miaka 63, ametandika mkeka kati ya magari mawili na kutawanya juu yake ukindu alioutia rangi jana: mwekundu, wa kijani na mweusi.

Kila baada ya dakika chache anauvuta mkeka kulifuata jua. Kimotho, mlinzi wa jengo, anakuja kumwambia kuna mpangaji anataka kutoka.

"Mama Ramzy, sogeza kidogo. Gari itakanyaga hizi rangi zako."

"Sogeza gari," anajibu bila kuinua macho. "Gari halihitaji jua."

Kimotho anacheka, lakini mkeka ndio unaosogea. Ikifika saa nane kasorobo, kivuli cha jengo jirani kimeufunika uwanja wote, na ukindu bado una unyevu.

Bi Mabrouka husuka kawa za kufunikia chakula, ambazo Wanubi wa Kibera huziita tabaga. Alifunzwa na nyanya yake. Kawa moja humchukua siku tano, naye huiuza kwa Sh3,000. Ukindu usipokauka sawasawa huota kuvu, na kazi yote hutupwa. Mwezi uliopita alitupa kawa mbili. Sasa ana nyingine sita za kusuka, za harusi itakayofanyika baada ya wiki saba, na wenye harusi wamemwambia wazi kwamba akichelewa watatafuta msusi mwingine.

Juu kabisa ya jengo hilo kuna roshani pana, isiyo na paa. Jua huipiga tangu asubuhi hadi jioni. Ni ya mdogo wake, Bi Sabah.

"Juzi alianika mito. Mito tu," anasema Bi Mabrouka. "Niliomba mvua inyeshe. Mungu anisamehe, lakini niliomba."

Linalomuuma zaidi ni kwamba roshani hiyo ingekuwa yake. Hapa palikuwa na nyumba ya baba yao, ya udongo na mabati, yenye ua mpana. Miaka minne iliyopita familia ilikubaliana na Thuo, mwenye ploti kadhaa huko Kawangware, ajenge fleti. Yeye angechukua kumi, na madada hao wabaki na mbili za vyumba viwili vya kulala: moja chini, karibu na lango, na nyingine juu, yenye roshani.

Mkubwa ndiye aliyechagua kwanza. Thuo alimshauri achukue ya juu. Akakataa. Kwao mkubwa hukaa karibu na mlango, ili mgeni asipite bila kumsalimu. Roshani aliiona kama paa la kuanikia nguo.

"Thuo alinionyesha ramani kwenye karatasi," anasema. "Kwenye karatasi hakuna jua."

Amewahi kupanda huko na ukindu wake mara moja. Mdogo wake alimtengea kona na kumsihi asidondoshe rangi kwenye vigae.

"Kona," anasema. "Mimi niliyembeba mgongoni."

Bi Sabah, mwalimu mstaafu wa chekechea, hakatai habari ya vigae. Kwenye roshani yake kuna viti sita vilivyopangwa vizuri, vikitazama mabati ya Kibera.

"Ona, viko na nailoni bado," anasema. "Wageni wote wanaishia kwake. Wananusa kahawa pale mlangoni, wanaingia, nasikia wakicheka mpaka huku juu. Wakikumbuka niko, ni saa ya kwenda. Idd iliyopita nilipika pilau ya watu ishirini. Nililisha majirani."

Anakiri kwamba siku nyingine hushuka ngazi polepole, asikilize ni nani amekuja, kisha hurudi juu bila kubisha hodi.

Bi Mabrouka anapoelezwa hayo, anasema hakuwa akijua. Alidhani mwenye roshani hakosi kitu.

Amepanga kupanda ngazi Ijumaa hii baada ya swala, amwombe mdogo wake wabadilishane fleti. Amekwisha kumwambia Kimotho atahitaji mtu wa kubeba kabati. Magoti, anasema, yatazoea. Akipata jua la siku nzima, kawa sita zitakuwa tayari kabla ya harusi.

Na wageni je?

"Watapanda," anasema, akiukunja mkeka. Anazitazama ngazi, kisha lango, kisha ngazi tena. "Lakini Sabah nitampa sharti moja. Asiwape kahawa hapa chini. Mtu akishakunywa kahawa, atapanda kufuata nini?"