Siku Niliyomwita Ngamia wa Mombasa "Wetu"

Haya ni aibu yangu, na ningekuwa na njia ya kuyaficha ningeyaficha, lakini mtu alinipiga picha kwa simu na picha ikafika Garissa kabla yangu, nikashuka kwenye basi nikamkuta mwanamke wa duka la maziwa ananiangalia huku ameziba mdomo kwa shali. Basi heri nisimulie mwenyewe, maana wengine wameongeza mambo. (Sikumwangusha mzungu. Huo ni uongo.)

Binti yangu Halima ameolewa Mombasa, na kila akipiga simu ni hayo hayo: "Hooyo," ndiyo mama kwa Kisomali chetu, "njoo upumzike, uone bahari." Mimi kupumzika sijui maana yake, lakini nilienda. Mji ni mzuri, sikatai. Jua ni kama letu ila lina upepo, na watu ni wa kila aina, Wahindi, Waarabu, Wagiriama, Wabajuni, wazungu wamejilaza juani kama nyama ya kukausha, na kila mmoja anamsemesha mwenzake bila kumuuliza ukoo wake. Nikawa najiuliza, hawa wanajuaje nani ni nani?

Ufukweni ndipo nilipomwona ngamia. Amevishwa nyuzi nyekundu na blanketi la maua, juu yake mama wa kizungu mwenye kofia, mbele yake kijana anamvuta kwa kamba, jina lake nilikuja kulijua baadaye, Kahindi. Ningepita tu. Halima aliniambia, "Hooyo, twende tukale." Lakini mimi nimekulia kwenye ngamia, upande wa Lafey, siwezi kumpita ngamia bila kumtazama shingo, nikasogea, nikainua pindo la blanketi shingoni, na hapo nikaiona chapa ya moto ya ukoo wetu, ile ile aliyokuwa akiichoma baba yangu.

Nyinyi mnaelewa. Chapa ni ya ukoo mzima, si ya boma moja, na ukiiona ugenini ni kama umekutana na mtoto wa ami yako. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nikapaza sauti ufuko mzima usikie: "Huyu ngamia ni wetu! Wallahi ni wetu!"

Muuza madafu akaacha panga lake akaja. "Mama, una hakika ni wenu?"

"Alama si hii hapa? Huna macho?"

"Mlimuuza?"

"Mimi nimuuze kwa nani? Sijauza ngamia maisha yangu yote." (Kweli tupu. Kwetu kuuza ni kazi ya wanaume.)

"Na huyu kijana unamjua?"

"Nitamjuaje? Leo ndiyo mara ya kwanza kumwona."

Kila jibu lilikuwa kweli, na kila jibu lilizidi kumzika yule kijana. Mimi bado nampapasa ngamia, nafikiri watu wanakuja kufurahi pamoja nami, mpaka nikasikia nyuma yangu, "Mwizi!" Nikageuka, mtu amemkamata Kahindi ukosi wa shati, mama wa kizungu analia ateremshwe, na kijana anasema, "Tajiri wangu alimnunua Garissa sokoni, muulizeni, mimi ni wa kuvuta kamba tu," lakini nani anamsikiliza? Mmoja alikuwa ameshaokota gongo.

Neno lile nalijua, limeshaua watu sokoni kabla hawajaulizwa jina. Nikapiga kelele, "Msimbige!" (msimpige, ila herufi ile ya midomo inatushinda sisi Wasomali, mnajua) na aliyesimama nyuma akasikia mwisho tu, akaitikia kwa nguvu, "Mwenyewe amesema apigwe!"

Halima akaniambia kwa Kisomali, "Hooyo, watamuua." Hapo Kiswahili kikaniishia chote. Nikafanya wanayoyafanya wanawake wetu wanaume wakishikana: nikavua shali yangu kubwa, nikamfunika nayo yule kijana kichwa mpaka magoti, nikamkumbatia. Nimebaki na kitambaa cha ndani tu, mikono wazi mpaka viwikoni, mbele ya watu wote wale, mimi ninayewagombeza wajukuu kwa unywele mmoja ukichungulia.

Watu wa pwani hawajui maana ya shali kwetu, kwamba aliyefunikwa nayo haguswi, lakini gongo lilisita hewani. Kahindi alisimama ndani ya maua ya zambarau ya shali yangu kama bi harusi, na mtu mmoja akacheka, kisha wawili, kisha wote, na Halima akapata nafasi ya kuwaeleza kwamba mama anasema ni ngamia wa ukoo, kama mtu anavyosema fulani ni wa kwetu, wala hakuibiwa kitu.

"Sasa bibi, mbona hukusema hivyo?" muuza madafu akaniuliza.

"Nilisema. Nyinyi ndio hamkusikia."

(Mdomo wangu haukubali kushindwa hata saa kama hiyo.) Lakini nilipotaka kuchukua shali yangu nikamsikia Kahindi ndani yake, ananong'ona, "Bibi, usiniachie kwanza." Sauti hiyo nimerudi nayo nyumbani.

Kesho yake nilimrudia. Nikasimama kando ya ngamia nikawa namwambia kila anayepita, "Huyu kijana si mwizi! Ni mwaminifu!" Wageni waliokuwa wanataka kupanda wakatazamana, wakaondoka. Wengine tena, wakaondoka.

"Bibi," Kahindi akaniambia taratibu, "jana ulinitetea vizuri sana. Leo nyamaza, nakuomba."

Nikanyamaza. Nilikaa mchangani mpaka adhuhuri bila neno, jambo ambalo watoto wangu hawataliamini, na wateja wakaanza kurudi. Nikienda tena kwa watu, ngamia nitamsalimia moyoni. Na furaha yangu, kabla sijaipigia kelele, nitaangalia kwanza ni nani amesimama karibu nayo.