Boma la Baba Katika Ubao wa Mvule

Kaka yangu mkubwa, kifungua mimba wa mama mkubwa, mke wa kwanza wa baba, aliitandaza ile karatasi mezani kwa baba na kuigandamiza kwa viganja viwili, utadhani ingeruka.

"Baba, tazama. Huyu mtoto ameshatugawia shamba."

Karatasi yenyewe ilikuwa zawadi yangu. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru nilikuwa chuo cha ualimu huko Homa Bay, na mwalimu wetu wa sanaa alitufundisha kuchonga picha kwenye ubao, kuupaka wino, kisha kuichapa kwenye karatasi. Nilichonga boma letu la karibu na Rongo: ua wa minyaa, nyumba za mama zetu, na nyumba mbili za vijana, kila moja upande wake wa lango. Katika boma la Wajaluo pande hizo si mchezo. Nyumba ya mwana wa kwanza haikai pa wa pili, na anayezibadilisha anatangaza kwamba mdogo amempiku mkubwa. Katika picha yangu, nyumba ya kaka mkubwa ilikaa pa kaka yangu wa tumbo moja.

Ubao ukichapwa hugeuza kila kitu, kuume kukawa kushoto. Nilijua hivyo kwa herufi, maana zikigeuka hazisomeki. Kwa nyumba halikunipitia akilini. Nilipoibandua karatasi chuoni nilifurahia jinsi nyasi za paa zilivyotoka uzi mmoja mmoja, nikaikunja, nikaileta nyumbani kwa mbwembwe.

Na wakati niliouchagua, jamani! Baba alikuwa mgonjwa, na minong'ono ya nani atapata wapi ilikuwa imeshaanza.

"Ni mama yake amemtuma," kaka alisema. "Hiyo masomo imetosha. Watu wa Ogwedhi wanakuja Jumamosi kumposa. Aolewe, aende."

Baba alinigeukia, nami nikajua kwamba nisipojieleza papo hapo, chuo nimekiaga.

"Baba, nipe nafasi kidogo nikuonyeshe."

Ubao ulikuwa sandukuni, lakini wino sikuwa nao. Nilikimbilia jikoni, nikakwangua masizi ya chungu, nikayakoroga na mafuta ya kupikia. Kwa haraka nikamwaga nusu. Nilirudi, nikapaka ubao, nikaulaza ukurasa wa daftari juu yake, nikausugua kwa mgongo wa kijiko. Likatoka doa tupu, jeusi tii. Kaka akacheka. Nilimchukia kwa kicheko kile, na sioni haya kusema hivyo.

Nilifuta, nikapaka upya, safari hii kidogo kidogo kwa kidole.

"Kaka, kabla sijachapa, tazama ubao. Nyumba yako iko wapi?"

Aliinama. "Iko mahali pake," akasema shingo upande.

Nikasugua, kisha nikampa ncha ya karatasi aibandue mwenyewe. Aliibandua polepole. Nyumba yake ilikuwa imehamia ng'ambo ya lango. Akatazama ubao, akatazama karatasi, akarudi kwenye ubao, na jasho likamtoka puani.

"Hakuna aliyehama," baba alisema. "Ni kazi ya ubao. Mtoto arudi shule, lakini achonge ingine yenye kukaa vizuri."

Nilichonga nyingine chuoni, nikiigeuza kwanza kwa kuitazama kwenye kioo, nikaileta likizo iliyofuata. Kaka aliikagua kama askari wa kizuizi cha barabarani, akigusa nyumba moja moja kwa kidole: mama mkubwa, mama yangu, yeye, kaka yangu.

"Sasa kila mtu yuko kwake," akasema, akaigongomea ukutani kwa baba.

Nilishusha pumzi. Mama alikuja akasimama ubavuni mwangu, akaitazama kwa muda.

"Na wewe uko wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Binti hana nyumba katika boma la baba yake. Nilikuwa nimelichonga boma lile mara mbili, na simo.