Mbuzi wa Mahari Ndani ya Java

Nakumbuka siku moja ya vita, mwanangu, nilipomwona binamu yangu Kambale akiangamiza mbuzi wote wa mahari yake kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Tulikuwa tukijifunza Java, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, huko Kimemi, Butembo, katika chumba kilichopata umeme wa jenereta kwa saa chache tu. Kambale alitaka kumwoa Masika; lakini baba yake Masika, mkulima wa Kalunguta, hakuiamini kazi isiyoacha udongo kwenye kucha. Mbuzi wa mahari walikuwa wametawanywa kwa ndugu, kwa kuwa kundi lililoonekana pamoja liliishia katika masufuria ya askari. Basi Kambale akatunga programu ya kuonyesha kila mbuzi yuko wapi na ana hali gani, akamwalika mzee ajionee.

Mzee aliketi, kofia magotini, akaarifu kwamba yule aliyefichwa Luofu alikuwa ameshaliwa. Kambale akaandika hivyo, akabonyeza kitufe kwa madaha. Papo hapo kioo cha kompyuta kikatangaza kwamba mbuzi wote wameliwa.

“Mukwe, hata ule niliona leo asubui?” mzee akauliza. “Donc, basi, hii mashini yako iko na njaa kupita basoda benye kukulaka mbuzi yetu.”

Kambale akaanza kuilaumu jenereta. Mwalimu wetu, mtu asiyepandisha sauti, akainama kusoma.

“Hapana singizia umeme. Uliandika neno static sababu mashini ilikugombeza, ukataka inyamaze. Sasa mbuzi bote biko na hali moja.”

Ndivyo ilivyokuwa: neno lile huifanya sifa kuwa ya klasi nzima, yaani kielelezo ambacho mbuzi wote wa programu hutengenezwa kwacho, wala si ya kila kitu peke yake. Kambale akalifuta, akampa kila mbuzi hali yake ya siri, private, na metodi moja tu, yaani njia moja, ya kuibadilisha. Mbuzi wakafufuka, isipokuwa wa Luofu.

Mzee akavaa kofia. “Mutu anarekebisha kosa yake mbele ya mukwe, nitamupa Masika. Lakini ule wa Luofu, utaleta mwingine.”

Mwanangu, klasi ni kielelezo tu. Kila kitu kinachozaliwa humo kina maisha yake, nawe usiyachanganye kwa uvivu. Mashine ikikukemea, isome hadi uielewe; usitafute namna ya kuiziba mdomo. Mungu akujalie akili tulivu, walimu wakweli, na nyumba yenye amani.