Rula Iliyopima Mnyoo

Mwanangu anatafuna rula akifikiria hesabu, na ile harufu ya plastiki iliyoloa mate inanichefua.

Utotoni, kule Dimani, nilimeza dawa ya minyoo. Nyuma ya nyumba, juu ya jani la mgomba, nikatoa mnyoo mweupe, mnene, unaojinyonganyonga. Baba akachuchumaa.

"Lete rula yako. Daktari atataka kujua urefu."

"Baba watoto, rula ya shule hiyo!" mama akapiga kelele.

Nikaileta. Baba akaunyoosha mnyoo juu yake kwa kijiti mpaka ukalala sambamba na alama.

"Sentimita ishirini na mbili!" Mpaka leo sijui alitaka sifa gani.

Daktari hakuuliza. Rula ikasuguliwa kwa majivu, nikarudishiwa.

Kesho yake darasani nilichora mistari yote kwa mkono mtupu, na kwa kila uliopinda nilichapwa.