Gari Lisilovutwa Kamba

Siku yangu ya kwanza kazini sikuendesha gari. Nilisimama mlangoni mwa karakana ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Korogwe, shati limepigwa pasi na leseni iko mfukoni, nikamwona mwanamume mzima akipewa majani kama mbuzi.

Mwanamume huyo aliitwa Shemweta, Msambaa wa Vugiri, dereva wa lori la mkonge. Lori lake lilikuwa limezimika njiani, na trekta likamvuta kwa kamba hadi karakana. Desturi ya madereva wa pale ilikuwa hii: ukirudi umevutwa, wewe ni mbuzi, na mbuzi hula majani. Madereva na mafundi walijipanga, mmoja akamkabidhi fungu la majani mabichi, naye ilimpasa ayapokee kwa mikono miwili na kusema, "Asanteni, nimeshiba." Ukinuna, kesho yake unapewa tena. Shemweta aliyasema maneno hayo huku jasho likimtoka, na watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilijiapiza kwamba mimi Mhina, Mzigua wa Handeni, majani hayo sitayashika hata siku moja.

Fundi Mkuu wa karakana, mtu mfupi wa Tanga ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, alinichukua hadi nyuma ya ghala.

"Umewahi kuendesha bila kujua mbele kuna nini?" akaniuliza.

"Hapana, Fundi."

"Basi utajifunza."

Akavuta turubai. Vijana, nimeona magari mengi tangu siku ile, lakini moyo haujanidunda tena namna ile. Lilikuwa gari la Kimarekani la kubebea familia, bluu chini na jeupe juu, pana kama kitanda cha harusi. Bampa zake za nikeli ziling'aa kiasi cha kunyolea ndevu. Nyuma lilikuwa na mapezi mawili yaliyochongoka, na hadi leo hajatokea mtu wa kuniambia kazi yake. Kiti cha mbele kilikuwa kimoja kirefu, watu watatu wanakaa bila kusukumana, ndiyo maana gia haikuwekwa sakafuni. Ilikuwa ni mkono mwembamba ubavuni mwa usukani. Tuliiita gia ya usukani, na aliyeizoea aliibadilisha kwa vidole viwili tu.

Shida ilikuwa moja. Usukani wenyewe ulikuwa kushoto. Mwenye gari wa kwanza alilileta hivyo kutoka ng'ambo, akamwachia Meneja wetu alipoondoka nchini. Sisi huku tunapita kushoto kwa barabara, kwa hiyo dereva wa gari lile alikaa upande wa majani. Ukiwa nyuma ya lori huoni kinachokuja, unaona tu mzigo wa mkonge mbele yako. Aliyeona ni yule aliyekaa kulia, na aliyekaa kulia ni bosi. Yeye ndiye aliyechungulia na kusema, "Bado... bado... sasa!" Akisema "sasa," unakanyaga mafuta na kumwamini. Mabosi wangu wote nimewajua kwa namna walivyolitamka neno hilo.

Bosi wa kwanza alikuwa Meneja wa shamba, Mgiriki mwenye watoto wanne waliogombana kwenye kiti cha nyuma kutwa nzima. Alikuwa mtu wa haraka. "Sasa" yake ilitoka kabla macho yake hayajafika barabarani, na mara mbili tuliishia katikati ya mkonge, watoto wakishangilia. Hata hivyo nilimpenda, maana hakuniacha nikae. Tulikwenda Tanga, tukapanda Lushoto, tukarudi. Mama yangu alikuwa akisema kwamba nilizaliwa nikiwa nimechelewa mahali. Nikikaa nusu siku kwenye benchi la karakana, magoti yalianza kuniwasha.

Uhuru ulitukuta hivyo, mimi na gari, mbio mbio. Miaka ikapita, likaja Azimio la Arusha, shamba likachukuliwa na taifa, na Meneja akaondoka na wanawe. Aliniachia funguo mkononi, nami nilisikitika, sitaficha. Gari likaandikiwa kwenda Handeni, na kwa kuwa hakuna dereva mwingine aliyetaka kuendesha kwa macho ya mtu mwingine, nikaandikiwa pamoja nalo.

Bosi wa pili alikuwa Bwana Mkubwa wa ofisi ya wilaya, mtu mnyofu, na gari lile lilimnyima raha. Alikuwa akizunguka vijijini kuhimiza Ujamaa na kukemea makupe, yaani wale wanaonyonya jasho la wenzao. Sasa hebu fikiria, unakemea makupe huku umeshuka kwenye gari nono linalong'aa! Kijiji cha kwanza tu, bibi mmoja alilipapasa boneti akasema, "Kupe mwenyewe ndiye huyu." Jina likashika. Tangu hapo Bwana Mkubwa aliniamuru kusimama mbali, akafika mkutanoni kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Barabarani alikuwa mwoga. Alisema "bado, bado, bado" mpaka lori la mbele lifike lilikokuwa likienda. Nilikonda kwa hamu ya kupita magari.

Miaka ile vipuri vilikuwa haba, na ufundi wa dereva ulikuwa ni kutorudi na kamba. Gasketi za kuzibia injini nilizichonga kwa ngozi. Fenibelti, ule mkanda unaozungusha feni, niliwahi kuusuka kwa katani ukanifikisha nyumbani. Adui mkubwa alikuwa joto. Katika tambarare za Handeni petroli ilichemka ndani ya bomba kabla haijafika kwenye kabureta, ikageuka mvuke, na injini ikazima kana kwamba haijawahi kuwaka. Dawa yake ni kitambaa kibichi juu ya pampu ya petroli, na subira. Kitambaa nilikuwa nacho. Subira sikujaliwa.

Bwana Mkubwa alipopata Landrova, Kupe akapewa zahanati ya vijiji vipya, na mimi nikapata bosi wangu wa tatu, Mama Mkunga, mzaliwa wa Mpale, mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha wafu. Hakuna aliyejua kusema "sasa" kama yeye. Alitoa kichwa chote dirishani, akaangalia, akapima, akasema mara moja. Sikuwahi kumtilia shaka.

Siku moja mchana wa jua kali tulikuwa tunamkimbiza Korogwe mama aliyeshindwa kujifungua. Alilala kiti cha nyuma, kimoja kirefu kama cha mbele, na dada yake kachuchumaa chini akimshika mkono. Mto Pangani ulikuwa bado mbali pale injini ilipozima. Petroli ilikuwa imechemka. Nyuma yetu likatokea lori, na dereva wake si mwingine, ni Shemweta. Akashuka anacheka, kamba imekwisha kuwa mkononi.

"Mhina! Leo ni leo! Majani nakukatia mwenyewe."

Nikatazama kamba, nikamtazama yule mama. Midomo ilikuwa imemkauka. Shemweta naye akachungulia ndani, na kicheko kikamkatika.

"Funga," nikamwambia.

Mama Mkunga aliniona uso ulivyonisawijika. "Baba, kuvutwa si aibu," akasema. "Aibu ni kuchelewa." Kisha akavua kanga yake ya juu, akaimwagia maji yote ya kunywa tuliyokuwa nayo, akaizungushia pampu, akarudi kwa mgonjwa wake. Sisi tukalala chini ya bampa kufunga kamba. Tulipomaliza nilijaribu ufunguo kwa mazoea tu, nikijua haitawaka. Ikawaka. Shemweta alifungua fundo haraka kuliko alivyolifunga, akapiga bodi kwa kiganja na kupaza sauti, "Nenda! Deni lako liko palepale!" Tulifika. Mtoto alikuwa wa kike, na mama yake alirudi kijijini kwa miguu yake mwenyewe baada ya siku chache.

Baadaye hata ngozi na katani havikutosha. Kupe aliwekwa kwenye mnada wa vitu chakavu, na nilimchukua mimi kwa kuwa hakuna mwingine aliyemtaka. Nilimwendesha mwenyewe hadi nyumbani kwangu Handeni, moshi mtupu, nikamjengea banda la makuti. Nikahamishiwa kwenye malori, na mwisho nikastaafu. Wala msidanganywe kwamba kustaafu ni kupumzika. Nikikaa barazani mguu wangu wa kushoto unatafuta klachi. Kila asubuhi nilikuwa naingia bandani, nakaa kwenye usukani, nabadilisha gia. Mke wangu, Mama Zaina, alinipitishia chai dirishani akiniuliza, "Leo safari ya wapi, dereva?" Nilimjibu Lushoto, au Moshi. Alicheka, lakini macho yake yalikuwa na huruma, na huruma ile iliniudhi.

Ndipo mwaka huu akaja binti mmoja kutoka Arusha, jina lake Neema. Kazi yake ni kutafuta magari ya zamani na kuyafufua. Aliniamkia, akaomba kuliona gari langu, akalizunguka, akagusa lile pezi la nyuma kwa ncha za vidole.

"Mwanangu," nikamwuliza, "watu wenye akili wanataka nini kwenye gari hili? Linakunywa petroli, halipiti uchochoroni, na dereva haoni mbele."

"Mzee, magari ya mbio na ya wakubwa yalitunzwa," akasema. "Haya ya baba, mama na watoto yalitumiwa mpaka yakaisha. Ndiyo maana hayapo. Na mtu akiketi humu anakumbuka alikokaa alipokuwa mdogo, nani alikuwa kulia kwake, nani alimkanyaga."

Nikawakumbuka wale watoto wanne. Nikamkumbuka Mama Mkunga, ambaye sasa ni marehemu, kichwa chake kikiwa nje ya dirisha. Nikageuza uso.

"Litatembea?" nikauliza.

"Nikipata muda, litatembea. Wewe utakuja kuliendesha."

Nikakubali, ila kwa sharti: liondoke kwa magurudumu yake. Gari hili halijavutwa tangu nilishike. Fundi aliyekuja naye alihangaika siku nzima na plagi, betri na kabureta. Jioni akajifuta mikono, akasema injini imeshikana na lazima ifunguliwe yote, tena huko Arusha kwenye vifaa. Lori lao la kubebea magari lilikuwa barabarani linasubiri. Nikasema hapana. Nikasema heri liozee bandani kuliko kubebwa kama mgonjwa. Neema hakubishana, alisema atalala mjini na kupita asubuhi.

Mama Zaina ndiye aliyenimaliza. "Mume wangu, humu bandani linakwenda wapi?" aliuliza, safari hii bila utani. Safari zangu za Lushoto na Moshi zote zilikuwa za bandani. Nikamsikia Mama Mkunga sikioni. Aibu ni kuchelewa.

Asubuhi nikampigia simu Shemweta, anayeishi Korogwe na mwanawe, nikamweleza. Kisha nikamwambia Neema, "Lipandisheni. Lakini mimi nakaa ndani mpaka Korogwe." Wakalifunga kwa minyororo juu ya lori, wakanipandisha, nikashika usukani. Kutoka kule juu niliona barabara nzima, mabonde yake na magari yake, bila kumwuliza mtu. Miaka yote ile sikuwahi kuiona hivyo.

Korogwe, penye njia panda, Shemweta alikuwa amesimama na mkongojo mkono mmoja, majani mabichi mkono wa pili, ametinga kofia yake ya Idi. Lori likasimama. Nikashusha kioo na kunyoosha mikono yote miwili.

"Asante," nikasema. "Nimeshiba."

Nilidhani angecheka. Alifuta macho. "Miaka yote hiyo nimeliona kwa nje tu," akasema. "Sisi wa malori hatukuruhusiwa hata kuliegemea."

Neema na fundi wake wakambeba juu, wakamkalisha kulia, kwenye kiti cha mabosi. Nikayaweka majani mbele ya kioo. Lori likaondoka kuelekea Mombo, na mbele yetu lilikuwepo trekta lenye tela, linajikokota. Shemweta akatoa kichwa chote dirishani, ingawa wenye kuendesha hawakuwa sisi.

"Bado," akasema. "Bado... bado... sasa!"

Nikakanyaga mafuta. Lori likapita.

Nilikuwa nimemuahidi mke wangu kwamba nitashuka Korogwe na kurudi na basi la mchana. Tulipofika Mkumbara, Mombo tumeshaiacha nyuma, ndipo nilipokumbuka kumpigia simu.